“Mi ni wa Buru”: kijana anavyojijua yeye ni nani

Jumapili moja jioni dada yangu alinipigia simu kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyejifungia jikoni asisikike. “Mpwa wako amepotea,” akasema. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu, kichwani napiga hesabu nianzie kituo gani cha polisi, alipoongeza: “Yuko hapa sebuleni, anatazama mpira.”

Kumbe kupotea kwenyewe kulikuwa hivi. Kijana ana miaka 15. Amechonga mstari kwenye nyusi. Kanisani anakwenda kwa kusukumwa. Anaongea Sheng ambayo mama yake, pamoja na miaka 20 aliyokaa Nairobi, haambulii kitu. Marafiki wanamwita jina ambalo hakuna mtu nyumbani aliyempa. Na ile fomu ya kuchagua mkondo wa masomo ya Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12), ambayo ilijulikana zamani kwamba ataandika sayansi ili awe mhandisi kama baba yake, sasa anataka kuandika Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Dada yangu hayuko peke yake. Mwaka 2025 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi wa Kenya, CBC, walifika Gredi ya 9 wakatakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi ya Jamii; au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Tangu hapo, kwenye matatu na kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi, watu wanaulizana mtoto wa miaka 14 anajuaje anachotaka kuwa. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha wakisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama, wazee walikuwa wakiuliza swali la aina hiyo hiyo: kama hawana hayo yote, wao ni akina nani?

Wanaochunguza akili na tabia za binadamu wana jina la jambo hili: utambulisho. Tatizo ni kwamba jina lenyewe tunalitumia ovyo.

Tuanze na maneno

Kiswahili kimetupa mzizi mmoja wenye matawi mengi. Kutambua ni kujua kwamba kitu ni hiki na si kile. Kujitambua ni kugeuza jicho hilo likuangalie wewe. Kutambuliwa ni wengine kukukubali kwamba ndiwe. Kisha kuna kitambulisho, ile kadi ambayo Mkenya huiomba akifika miaka 18, na utambulisho, ambao ndio mada yetu.

Utambulisho wa mtu ni jibu analojipa kwa swali “mimi ni nani?”, jibu linaloshika leo na kesho, nyumbani na shuleni, na ambalo watu wake wanaliitikia. Hicho kipande cha mwisho ndicho tunachokisahau. Utambulisho una pande mbili kama mlango: kujitambua ndani, kutambuliwa nje. Upande mmoja ukigoma, mlango haufunguki.

Usiuchanganye na kujithamini. Mtu anaweza kujijua vizuri kabisa na bado asijipende, na mwingine akajipenda mno bila kujijua hata kidogo. (Wa aina hii ya pili tunawapigia kura kila baada ya miaka mitano.)

Aliyelifanya wazo hili lienee ni mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902. Hakumjua baba yake mzazi. Alilelewa na mama Myahudi na baba wa kambo Myahudi, daktari wa watoto, huku yeye mwenyewe akikua mrefu, nywele rangi ya dhahabu, macho ya buluu. Kwenye sinagogi watoto walimcheka kwa kuwa hakufanana nao. Shuleni walimcheka kwa kuwa ni Myahudi. Alihamia Marekani mwaka 1933, na alipopata uraia mwaka 1939 akajipa jina jipya la ukoo: Erikson, yaani mwana wa Erik. Ni kama alijizaa mwenyewe.

Niliposoma kisa hicho nilimwona mpwa wangu. Sisi ni Wataita. Shemeji yangu ni Mkikuyu wa Murang’a. Krismasi ikiwakuta Murang’a, binamu zake humwita “Mtaita”. Wakija Wundanyi, watoto wa kwetu humwita “Mkikuyu”. Lugha zote mbili anazisikia nusunusu. Muulize ni kabila gani, atakujibu bila kusita: “Mi ni wa Buru.” Buru ni Buruburu, kule Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Nilidhani ananikwepa. Sasa naamini lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyokuwa nayo.

Erikson aliyagawa maisha katika hatua nane, na ya tano, takriban kuanzia miaka 12 hadi 18, akaiita wakati wa kujenga utambulisho. Kabla ya hapo mtoto huvaa utambulisho kama sare ya shule: amenunuliwa, amevalishwa, hakuulizwa. Akifika umri huu anaanza kuuliza nani alichagua rangi.

Kwa nini umri huu, si mwingine

Mambo matatu humfikia kijana kwa pamoja, bila kupanga foleni.

La kwanza ni mwili. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Mtu anaamka asubuhi na sauti si yake, viatu havimtoshi, na shangazi anamwambia mbele za watu kwamba “umekuwa mkubwa”. Kabla hajazoea mwili wa Januari, ameletewa wa Juni.

La pili ni akili. Mwulize mtoto wa miaka saba yeye ni nani, atakwambia ana baiskeli na anajua kuruka kamba. Wa miaka 15 atakwambia: mimi ni mkimya, lakini na marafiki sinyamazi; ni mpole, ila kwa mama nakuwa mkali, sijui kwa nini. Mtafiti wa Marekani, Susan Harter, alionyesha kwamba ni katikati ya ujana ndipo mtu huanza kuziona hizi nafsi zake zinazogongana, na zinamuuma. Mdogo zaidi hazioni. Mkubwa zaidi amejifunza kuzipatanisha, au kuzipuuza.

La tatu ni watu. Jana walimuuliza amekula. Leo wanamuuliza atakuwa nani.

Chini ya yote hayo kuna ubongo unaojengwa upya. Chukua uwanja wowote mtaani kwetu. Jiji limeweka barabara ya kando, lakini watu wamekata njia za panya katikati ya nyasi. Njia inayokanyagwa kila siku inakuwa ngumu na pana. Isiyokanyagwa, nyasi hurudi. Ubongo wa kijana hufanya vivyo hivyo: viungo vinavyotumika huimarishwa, visivyotumika hukatwa. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huwa ya mwisho kukomaa, hadi katikati ya miaka ya ishirini. Zile za hisia na za kutafuta raha huchangamka mapema, mara tu baada ya balehe.

Hapa watu huruka na kusema: basi kijana hana akili bado. Si kweli. Mkalishe wa miaka 16 peke yake, ametulia, hana haraka, na uwezo wake wa kufikiri unakaribia wa mtu mzima. Kinachobadilisha hesabu ni nani anatazama. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio ambamo watu wa rika mbalimbali walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Watu wazima waliendesha vile vile, wawe peke yao au na marafiki. Vijana wa miaka 13 hadi 16 wakiwa na wenzao waliongeza kuhatarisha kwa kiasi kikubwa. Mtu yeyote anayepanda matatu ya 58, ya Buruburu, jioni hahitaji maabara kuliona hili. Mvulana akipanda peke yake huketi na kufunga mkanda kama ameambiwa. Akipanda na wenzake watano, huyo hapo mlangoni, mkono mmoja ndani, mwili wote nje, makanga mwenyewe anamwogopea.

Twende Gikomba

Mtumba ukifunguliwa asubuhi Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kwanza hutoka “kamera”, zile nguo safi za kuchaguliwa na wenye macho makali; jioni hubaki “fagia”, za kumalizia. Chumba cha kubadilishia hakuna. Unavaa suruali juu ya suruali, koti juu ya koti, mwenye kibanda anakushikia kioo kilichovunjika pembeni, na unamuuliza mtu usiyemjua kabisa, “Imenikaa?” Nguo kumi unarudisha. Moja unalipia. Na kwa muda wote huo, ukiwa umevaa koti la mtu wa Ulaya lenye mikono mirefu kuliko yako, hakuna anayepiga simu nyumbani kusema umepotea.

Mpwa wangu katika miaka miwili amekuwa rapa, amekuwa mtu asiyekula nyama (siku tisa, mpaka harusi ikaingia), amekuwa mchoraji, amekuwa mkana Mungu kwa wiki moja ya likizo. Kitu pekee ambacho hajawahi kubadilisha ni timu ya mpira, na si kwa sababu inampa furaha.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia aliliendeleza wazo la Erikson kwa maswali mawili tu. Je, umejaribu? Je, umeamua? Majibu yake yanatoa watu wanne, na wote wanne utawakuta pale Gikomba. Kuna anayezurura tu, hajaribu wala hanunui. Ukimuuliza mkondo anaoutaka, anajibu “wowote tu”. Kuna aliyebeba nguo begani hadi shingoni, bado anajaribu, muuza ameanza kununa. Kuna aliyejaribu, akajiangalia, akalipa. Na kuna ambaye mama yake alimchagulia, akalipa, akamfungia kwenye mfuko, naye hajawahi kuivaa aone.

Huyu wa mwisho ndiye nataka kukaa naye, kwa sababu ndiye tunayempenda zaidi Kenya hii. Hasumbui. Mgeni akija anaulizwa utakuwa nani, naye anajibu: daktari. Au rubani, au wakili, au mhandisi; orodha yetu ni fupi. Watu wanampigia makofi. Marcia aliona kwamba watu wa kundi hili huwa watiifu sana kwa wenye mamlaka, na ni rahisi kuwaona kama waliofika. Kumbe hawajasafiri. Nina rafiki aliyesoma uhandisi hadi mwisho, akatia cheti chake kwenye fremu, akampelekea baba yake nyumbani, akamwambia, “Hiki ni chako, mzee.” Kisha akaenda kuuza maua. Alikuwa na miaka 27 alipoanza kujaribu nguo ambazo wenzake walizijaribu wakiwa na 16, na kwa umri huo zinagharimu zaidi.

Sisemi kila kilichopokewa kwa wazazi ni kibaya. Mtoto wa fundi anaweza kurithi karakana na kuipenda kweli. Tofauti ni kama amewahi kuigeuza mkononi, akaikagua, akasema: nayo naichukua.

Makosa mawili hufanywa na wanaosikia kuhusu makundi haya manne. La kwanza ni kuyafanya ngazi. Siyo. Mtu hupanda, hushuka, hurudi. Anayefutwa kazi akiwa na miaka 45 anaweza kujikuta tena sokoni akishika nguo. Na wengi hawafikii uamuzi wa kweli kabla ya miaka ya ishirini, hivyo kumtaka mtoto wa Gredi ya 9 awe ameshafika ni kumdai deni ambalo hata mwalimu wake hajalipa. La pili ni kudhani mtu yuko kundi moja kwa kila kitu. Msichana anaweza kuwa amesimama imara kwenye dini yake, anaelea kabisa kuhusu siasa, na bado anajaribu kuhusu kazi.

Ndiyo maana ile fomu ya mkondo isitishe watu kiasi hicho. Inauliza swali dogo: kwa miaka mitatu ijayo, utasoma masomo gani? Ni wazazi wanaolisikia kama swali kubwa.

Hadhira, marafiki na Sheng

Jumamosi moja nilikuwa kwao, tukaishiwa na maziwa ya chai. Kibanda kiko hatua 40 kutoka mlangoni, nimezihesabu. Kijana alibadilisha fulana mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na doa, ya pili “ya kitoto”, ya tatu ikapita. Chai ilichemka ikakauka nusu.

Mwanasaikolojia David Elkind aliliandikia jambo hili mwaka 1967: kijana huishi mbele ya hadhira ya kufikirika. Anaamini wote wanamtazama, wanaliona lile doa, wanalijadili. Ni ukuaji wenyewe wa akili unaoleta hilo. Ameanza kuweza kuwaza wengine wanawaza nini, ila bado hajajua kwamba wengine wanajiwaza wenyewe. Tofauti ya siku hizi ni kwamba hadhira imekuwa ya kweli, na ina namba. TikTok humhesabia waliomtazama. Mpwa wangu ana akaunti mbili: moja ambayo sisi jamaa tunaifuata, yenye picha za kwaya na za siku ya kuzaliwa ya mama, na nyingine ambayo rasmi haipo. Dada yangu aliiita unafiki. Mimi nikamuuliza kama anaongea na bosi wake jinsi anavyoongea na mama mboga. Hakunijibu, akamimina chai.

Kuhusu marafiki, kauli ya kila mzazi ni moja: “Ni marafiki waliomharibu.” Na huko ng’ambo ya barabara mzazi wa rafiki anasema hivyo hivyo, akimaanisha mtoto wako. Ukweli una pande mbili. Marafiki humvuta kijana, hilo lipo. Lakini kabla ya kumvuta, aliwachagua kwa sababu tayari walifanana. Tena nguvu zao zina mipaka. Kwenye nguo, muziki, mtindo wa nywele na maneno, rika hushinda. Kwenye imani, elimu na maadili makuu, mzazi aliye karibu na mtoto wake bado husikika, hata kama wakati wa kusikilizwa kijana ametumbukiza vijiti vya simu masikioni.

Sheng ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Ilizaliwa Eastlands, na hadi leo ya Buru si ya Kayole, na mtoto wa Lavington akijaribu, sentensi ya pili tu anajulikana ni mbabi, mtoto wa matajiri. Neno likishafika kwa wazazi, limekufa. Kesho kuna jipya. Kila matokeo ya mtihani yakitoka, Sheng hulaumiwa kwa kuharibu Kiswahili na Kiingereza. Sitaingia kwenye kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba lugha hii ni ua na lango kwa wakati mmoja: inafungia nje, inakaribisha ndani. Anayeiongea anasema “mimi ni wa hapa” bila kulazimika kusema yeye si wa wapi. Kwa mtoto anayeitwa Mtaita Murang’a na Mkikuyu Wundanyi, hiyo si zawadi ndogo. Na walioianzisha wakiwa vijana, wengine leo ni mababu wanaolalamika kwamba Sheng ya siku hizi haieleweki.

Kutambuliwa

Nilisema mlango una pande mbili. Wazo kwamba kijana hujifungia chumbani, akajichimba ndani, akatoka na utambulisho uliokamilika, si letu, na pengine si la mtu yeyote. Mwanazuoni wetu John Mbiti aliandika mwaka 1969 namna Mwafrika anavyojieleza: niko kwa sababu tuko, na kwa kuwa tuko, basi niko.

Jando na unyago vilijua hili. Mwari aliwekwa ndani, kungwi akamfunda, na alipotoka, kijiji kizima kilibadilisha namna ya kumwamkia. Kwa Wakikuyu rika zima lilitahiriwa pamoja na kupewa jina. Swali la “mimi ni nani” lilijibiwa kwa wiki chache, na jibu likawa na mashahidi. Tusilipake sukari: jibu lilikuwa moja kwa wote, na kwa wasichana wa jamii kadhaa lilikuja na kisu cha ukeketaji, jambo ambalo sheria ya 2011 imelipiga marufuku. Siku hizi mvulana wa Nairobi huenda kutahiriwa hospitalini Desemba, akapata mafunzo ya kanisa siku kadhaa, kisha Januari anaitwa na mama yake kwa lile jina la utotoni mbele ya wenzake. Hakuna aliyeambiwa abadilishe salamu.

Na kuna vijana ambao upande wa nje wa mlango ulishikiliwa na serikali. Wanubi wa Kibra, mtaa wa Nairobi, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kama askari, wameishi hapa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, waliokuwa wakikua bila uhakika wa kutambuliwa kama raia. Vijana wengi wa Kisomali nao walipofika miaka 18 walipitishwa kwenye uhakiki wa ziada ambao wenzao wa darasani hawakuujua. Ni Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza kuuondoa kwa kaunti za mpakani. Mtoto anaweza kuwa amejijua kabisa kwamba ni Mkenya, akaimba wimbo wa taifa miaka 12 gwarideni, kisha afisa mmoja akamwambia alete kitambulisho cha babu.

Kwa hiyo vijana wa Juni 2024 waliposema hawana kabila, sikuwasikia wakisema hawajijui. Kitambulisho cha kizazi cha pili, upande wa nyuma, kilikuwa na wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo ya mtu. Wengi wa vijana wa jiji wanakujua huko kwa Krismasi na mazishi. Walikuwa wanakataa jibu waliloandikiwa, kabla hawajamaliza kuandika lao.

Lini uogope

Kubadilisha nywele, muziki, jina, hata dini, peke yake si ugonjwa. Dhana kwamba ujana lazima uwe vita nyumbani nayo ni ya kutia chumvi. Vijana wengi hupita umri huu wakigombana na wazazi kuhusu vyombo na simu, basi. Cha kutazama ni kingine: wiki kadhaa bila usingizi wala hamu ya kula, kuacha kila alichokipenda bila kuokota kipya, kujitenga hata na hao marafiki wabaya, au maneno ya kutaka kufa. Hapo si suala la utambulisho tena. Namba 116 ya msaada kwa watoto haitozi hela, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Mpwa wangu hakuwa na hata moja kati ya hayo. Nilimwambia dada yangu hivyo Jumapili ile ile, baada ya kuvuka mji kwenda kumtafuta mtu aliyekuwa anatazama mpira. Kuhusu fomu, nilimuuliza kijana swali moja: mchezo au sanaa, umewahi kufanya kipi kikakuchosha na bado ukaendelea? Alifikiri mpaka matangazo yakaisha. “Kuchora,” akasema. “Lakini physics pia.” Fomu ikarudi kwenye droo, ilikuwa bado na wiki mbili.

Usiku nikiwa naondoka, simu ya mama yake ikalia. Ni shosho, bibi yake mzaa baba, kutoka Murang’a. Kijana huyu ni mtoto wa kwanza wa kiume, amepewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa hiyo tangu azaliwe shosho humwita “mume wangu”. Mama yake alikuwa anaosha vyombo, akampa apokee. Kule milimani mtandao ulikuwa unakatika.

“Haloo? Nani?” shosho akapaza sauti, tukaisikia wote.

“Ni mimi, shosho.”

“Wewe nani?”

Akatutazama, akageukia ukutani na ule mstari wake wa nyusi.

“Mume wako,” akasema.